Dawa si Uyoga, Dawa ni Maji Yake

Ilikuwa siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nilipovuka feri kwenda Likoni kumjulia hali dada yangu mkubwa akaaye Mtongwe. Dada huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na hata leo, mimi mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikifika kwake hunipokea kwa kuniita "mwanangu" na kuniuliza kama nimekula. Ana maradhi ya sukari, huu mwaka wa 11, na mafuta katika damu nayo daktari alimwambia yamezidi kipimo. Vidonge vyake hupewa hospitali kila mwezi, naye huvitia katika mkebe wa zamani wa maziwa ya unga, akauweka juu ya kabati pasipofikiwa na wajukuu.

Siku hiyo mkebe ulikuwa umegeuzwa kifudifudi. Kando yake palikuwa na kopo jipya, zuri, lenye picha ya uyoga mwekundu unaong'ara kana kwamba umepakwa rangi ya samani.

"Dada, dawa zako zi wapi?" nikamuuliza.

"Zile nimezipumzisha, mwanangu. Sasa natumia hii. Hii ni dawa ya Mtume."

Nikaketi. Akanieleza kwamba kijana mmoja nadhifu, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya viua, aliwajia wanawake wa mtaani baada ya darasa lao, akawasomea Hadithi ya kwamba uyoga ni dawa, kisha akatoa makopo mkobani. Uyoga huu, alisema, watoka Uchina, nao huponya sukari, presha, saratani na hata utasa. Kopo moja ni shilingi 3,500, na mgonjwa wa sukari atahitaji makopo mawili kwa mwezi. Dada yangu, ambaye hununua samaki kwa kupiga hesabu ya senti, alikuwa amekwisha kununua makopo manne.

Nilipotaka kuaga nikaona anauvuta mguu wake wa kulia chini ya kanga. Nikasisitiza kuuona. Kidole gumba kilikuwa na kidonda, si kikubwa, lakini ukingo wake ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Mwenye kujua maradhi ya sukari hahitaji kuelezwa zaidi. Asubuhi yake tulikuwa kliniki, na kipimo cha sukari kilisoma 22. Muuguzi alitutazama kwa zamu, kisha akauliza, "Nani aliyemwambia aache vidonge?"

Kusema kweli, hakuna aliyemwambia kwa maneno hayo. Mfa maji hukamata maji, na mtu aliyechoka na maradhi ya miaka 11 hahitaji kuambiwa aache vidonge. Yatosha kuonyeshwa kitu kinachoitwa bora zaidi.

Njiani kurudi, dada akanipa sharti. Vidonge atarudia, kidonda kitasafishwa, lakini lile kopo hatalitupa mpaka nimpe hoja. "Usinijie na maneno ya kizungu matupu," akasema. "Nijie na maneno ya dini, na maneno ya watu wanaojua kazi. Nakupa wiki moja." Basi, wasomaji wapenzi, haya ndiyo niliyoyapata katika wiki hiyo, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua makopo kama hayo yamo katika nyumba nyingi za pwani yetu.

HADITHI YENYEWE YASEMAJE

Nilianzia Kisauni ninakokaa, kwa mwalimu mmoja tuliyesoma naye chuoni tungali watoto, yeye akaendelea na ilimu nami nikaishia katika magazeti na mashairi. Nilipomtajia Hadithi ile alicheka kidogo, akanyanyua mkono kwenye rafu na kuteremsha vitabu.

Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na mpokezi wake ni Said bin Zayd. Maana yake ni kwamba kitu kiitwacho al-kam'a ni katika jinsi ya manna, na kwamba maji yake ni ponyo la jicho. Basi mwalimu akanitaka niyapime maneno matatu.

La kwanza ni al-kam'a. Huu si kila uyoga. Ni kitu kinachoota chini ya mchanga wa jangwa la Arabuni na Shamu, hakina shina wala mwavuli, na ukikiona utadhani ni kiazi mbatata. Hutokea baada ya mvua za radi, na mabedui hukitambua kwa ufa mdogo unaopasuka juu ya mchanga. Watu wa Ghuba hukiita fagga, na mpaka leo huuzwa masokoni Kuwait na Riyadh kwa bei ya juu. Wanasayansi wamekipa majina ya Terfezia na Tirmania. Ule mwekundu wa koponi ni jamaa mwingine kabisa, unaoota juu ya magogo, na jina lake ni Ganoderma. Kuwaita wawili hawa kitu kimoja ni sawa na kumwita papa changu kwa sababu wote wawili huogelea.

La pili ni jicho. Hadithi imetaja jicho. Haikutaja sukari, wala presha, wala utasa.

La tatu, nalo ndilo lililonikaa moyoni, ni maji yake. Imetajwa kwamba ponyo limo katika maji ya kitu hicho, yaani lile linalotoka ndani yake linapotolewa. Na masahaba walilifahamu hivyo. Katika Tirmidhi imepokewa kwamba Abu Huraira alichukua al-kam'a tatu, au tano, au saba, akazikamua, akayatia maji yake chupani, akamtia mjakazi wake aliyekuwa na maradhi ya macho, naye akapona.

Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipoandika juu ya tiba ya Mtume, hakuishia kusema kwamba ni dawa basi. Alitaja hitilafu za wanazuoni juu ya namna ya kuyatumia maji hayo: je, yachanganywe na dawa nyingine za macho, au yatumiwe peke yake baada ya kitu chenyewe kupitishwa motoni na kukamuliwa? Oneni, wasomaji. Zaidi ya miaka 670 iliyopita wanazuoni wetu walikuwa wakiuliza suali ambalo muuza makopo wa leo hataki kuulizwa: imetolewaje?

Nikamuuliza mwalimu kama kuna yeyote aliyelifanyia utafiti jambo hilo. Lipo. Mwaka 2004 wanasayansi wa Jordan walichapisha matokeo ya kuyajaribu maji ya Terfezia juu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye ni miongoni mwa wanaoleta usaha machoni na vidondani, wakaona yamzuia kukua. Lakini jaribio hilo lilifanywa katika vyombo vya maabara, si katika jicho la mtu. Ndiyo maana mwalimu wangu, mwenye kuiamini Hadithi kwa moyo wake wote, alinishika mkono akasema, "Usiende ukaandika watu wakaja kujikamulia vitu machoni. Abu Huraira alikijua alichokishika. Sisi hatukijui."

TUI LA KWANZA NA TUI LA PILI

Siku ya tatu nilikwenda Changamwe, kwa mzee mmoja wa Port Reitz aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kusafishia mafuta. Kiwanda kile kilianza kusafisha mafuta mwaka 1963 na kikaacha mwaka 2013, lakini mzee huyu bado akizungumza juu yake husema "kwetu". Binti yake ni mtaalamu wa dawa, nami nilikuwa nikimtaka binti. Nilimpata baba kwanza, na sikujuta.

"Mafuta ghafi," akaniambia mzee, "ni meusi, mazito, na hayakusaidii neno. Ukiyatia katika gari, gari limekufa. Lakini ndani yake mna gesi ya kupikia, mna petroli, mna mafuta taa, mna dizeli, na chini kabisa mna lami. Vyote vimo, na kila kimoja chatoka kwa moto wake. Kazi yetu ilikuwa kukijua kila kimoja kitatoka wapi."

Binti yake aliporudi kazini akaliendeleza neno la baba yake kwa mfano wa jikoni. Nazi, akasema, ina tui. Lakini ukimpa mtu nazi nzima hujampa tui. Lazima uikune, uitie maji, uikamue katika kifumbu. Tui la kwanza hutoka zito, la pili hutoka jepesi, na machicha hubaki. Uyoga ni hivyo hivyo, ila ganda lake ni gumu zaidi. Kuta za chembechembe zake zimejengwa kwa kitu kiitwacho kitini, kile kile kilichomo katika gamba la kamba na la kaa. Tumbo la binadamu halina nguvu ya kukisaga vizuri. Kwa hiyo mtu anaweza kumeza unga wa uyoga uliosagwa tu, na sehemu kubwa ya kilichomo ndani ikapita kama ilivyoingia.

Ndiyo maana Wachina, ambao wameutumia uyoga huu kwa karibu miaka 2,000 na huuita lingzhi, hawakuwa wakiutafuna. Ni mgumu kama ubao. Waliukata vipande, wakauchemsha kwa saa nyingi, wakanywa maji yake. Moto na maji hulainisha zile kuta, na hapo hutoka sukari ndefu ziitwazo betaglukani. Hizi si sukari za kutia chai. Ni minyororo mirefu, na hizo ndizo zinazochunguzwa kwa sababu ya namna zinavyoamsha askari wa mwili. Japani iliruhusu dawa mbili za namna hiyo zitumiwe hospitalini pamoja na matibabu ya saratani: ya kwanza, katika miaka ya 1970, yatokana na uyoga uitwao Trametes, na ya pili, katika miaka ya 1980, yatokana na ule wa shiitake.

Lakini katika Ganoderma mna kitu kingine, nacho ndicho kinachoufanya uwe mchungu kama shubiri. Ni jamii ya triterpeni, na Wajapani walizitenga za kwanza mwaka 1982. Hizi hazipendi maji. Hutoka vizuri zaidi katika spiriti. Na betaglukani kwa upande wake hazipendi spiriti. Ukiimwaga juu yake huganda na kuzama chini. Basi mwenye kutaka vyote viwili lazima akamue mara mbili, mara kwa maji ya moto na mara kwa spiriti, kisha achanganye, akaushe, na apime kila fungu lina kiasi gani. Tui la kwanza na tui la pili.

"Sasa," akasema binti, "nionyeshe hilo kopo."

Nililitoa mfukoni. Akalizungusha mara mbili. Lilikuwa na picha, lilikuwa na ahadi, na lilikuwa na bei. Halikusema kama ni uyoga uliosagwa au uliokamuliwa. Halikusema kama ni kwa maji au kwa spiriti. Halikusema kila kijiko kina kiasi gani cha nini. Namba ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo husajili hata dawa za miti shamba, haikuwamo.

"Huu ni mkoba wa nazi usiojulikana kama ndani mna nazi," akasema, akanirudishia.

UKUNGU ULIONGOJA MIAKA 12

Msomaji asidhani kwamba nataka kuidharau jamii hii ya uyoga na kuvu. Kinyume chake. Dawa ambayo huenda imewaokoa watu wengi kuliko nyingine katika karne iliyopita ilitoka katika ukungu, ndugu wa uyoga, lakini kisa chake chathibitisha yale yale ya mzee wa Port Reitz.

Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu umeingia katika kisahani chake cha maabara na bakteria waliokaribu nao wamekufa. Akayaita maji ya ukungu ule penisilini. Akajaribu kuyasafisha, yakamshinda. Kila akiyashughulikia yaliharibika. Basi ukungu ulikuwapo, dawa ilikuwamo ndani yake, na kwa miaka 12 watu waliendelea kufa kwa majipu na vidonda. Kilichokosekana ni mkamuaji.

Mkamuaji akapatikana Oxford, wakati wa vita, katika kikosi cha Howard Florey na Ernst Chain. Jina lake ni Norman Heatley, na ni wachache wanaomtaja. Vyombo hakuwa navyo, akatumia mabakuli ya wagonjwa ya kujisaidia ili kuoteshea ukungu. Aligundua kwamba maji yale yakitiwa asidi, penisilini huyahama na kuingia katika kiyeyusho kingine kisichochanganyika na maji. Na ukibadilisha tena hali ya maji, hurudi majini ikiwa safi zaidi. Kwenda na kurudi, kama anayechuja tui mara mbili.

Februari 1941 wakampa dawa hiyo askari polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa taabani kwa usaha usoni na machoni. Katika siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno, hata wakawa wanaukusanya mkojo wake ili kuikamua tena iliyotoka. Ikaisha. Maradhi yakarudi, na mwezi wa Machi akafariki. Hakuna asiyesikitika akisoma kisa hiki. Yule mtu hakufa kwa kukosekana dawa duniani; alifa kwa sababu walikuwa bado hawajajua kuikamua ya kutosha. Miaka miwili baadaye ukungu bora zaidi ulipatikana juu ya tikiti lililooza katika soko la Peoria, huko Marekani, na kwa huo penisilini ikawa nyingi.

Na hata hapa Kenya kazi ya kukamua si ngeni. Taasisi ya KEMRI ina kituo kinachochunguza dawa za kienyeji tangu mwaka 1984. Na kando ya msitu wa Kakamega, wakulima wa Muliru hupanda mmea wa jamii ya mrihani, wakautoa mafuta yake kwa mvuke kwa msaada wa wataalamu wa ICIPE, na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mvuke, bomba, tone baada ya tone. Hawauzi majani na picha.

NA HIYO SPIRITI JE?

Nilijua suali hili dada yangu ataliuliza kabla ya jingine lolote, nikarudi kwa mwalimu wangu Kisauni. Je, Muislamu ataitumiaje dawa iliyokamuliwa kwa spiriti?

Mwalimu akalijibu kwa utaratibu. Kwanza, kunywa ulevi kwa nia ya kujitibu ni jambo lililokatazwa. Katika Muslim imepokewa Hadithi ya Tariq bin Suwayd, aliyeuliza juu ya kutengeneza mvinyo kwa ajili ya dawa, akajibiwa kwamba huo si dawa bali ni maradhi. Hapo hapana mjadala.

Pili, wanazuoni wa zama hizi wametazama dawa za viwandani. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilipokutana Makka, Januari 2002, lilijuzisha kutumia dawa zenye kiasi kidogo cha spiriti ambacho utengenezaji wake unakihitaji na hakina badala, kwa sharti iandikwe na tabibu mwadilifu. Na wakati huo huo likawahimiza watengenezaji na wenye mamlaka kuiepuka kila inapowezekana. Na nyingi katika dawa za kukamuliwa, spiriti hufukizwa ikatoka, ukabaki unga.

"Lakini angalia," akasema mwalimu, "sharti limetaja tabibu na dharura. Yule kijana wa makopo si tabibu, na kopo lake si dharura. Na kama hataki hata kukwambia imekamuliwa kwa nini, utaijuaje halali yake?"

Hapo nikaona jinsi dini na ujuzi zinavyokutana mlangoni. Suali la mfamasia na suali la mwanachuoni ni moja: kimetolewaje, na mna nini ndani yake?

NILIYORUDI NAYO LIKONI

Siku ya saba nilivuka tena. Dada alikuwa barazani, mguu wake umefungwa bendeji safi, na sukari ilikuwa imeanza kuteremka. Nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia nyinyi. Kisha nikamweleza yale yaliyothibiti juu ya uyoga wenyewe.

Jopo la wataalamu liitwalo Cochrane, ambalo kazi yake ni kuyakusanya majaribio ya dawa kutoka kila nchi na kuyapima, lilitazama mwaka 2015 majaribio matano ya Ganoderma yaliyofanywa kwa watu. Likaamua kwamba hayo hayatoshi kuutegemea uyoga huo ili kuteremsha sukari, presha au mafuta kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2016 likatazama majaribio mengine matano, ya wagonjwa wa saratani 373. Likasema hapana ushahidi wa kuufanya dawa ya kwanza, ila waweza kufikiriwa pamoja na matibabu ya hospitali, si badala yake.

Wala si kitu kisicho na madhara kwa kuwa ni cha asili. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong waliandika juu ya mgonjwa aliyedhurika ini baada ya kutumia unga wa lingzhi. Wafamasia nao huonya kwamba waweza kuzidisha utokaji wa damu kwa wenye kutumia dawa za kuifanya damu nyepesi, na waweza kuteremsha sukari chini mno ukichanganywa na vidonge bila daktari kujua. Na wale watakaosema wataokoa pesa zao waende kuchuma uyoga wowote uliochipuka kwenye gogo la mwembe baada ya mvua za masika, nawaomba kwa jina la Mungu wasifanye. Katika uyoga wa mwitu mna unaoua, na sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Mtu hutapika, akapata nafuu siku moja, akadhani amepona, kumbe ini lake linaangamia.

Dada alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Basi katika uyoga na kuvu hamna dawa yoyote ya kunifaa mimi?"

Suali hili nilikuwa nimeliandalia jibu. Nikanyanyuka, nikauteremsha ule mkebe wa maziwa, nikatoa kile kidonge chake cha usiku, cha mafuta ya damu, kiitwacho simvastatini.

"Hii, dada," nikamwambia. "Hii ndiyo dawa ya kuvu."

Akanitazama kama anayetaniwa. Nikamweleza juu ya Akira Endo, mtoto wa wakulima wa Akita, Japani, aliyependa uyoga na kuvu tangu udogo wake kwa sababu ya babu yake. Alipokuwa mtafiti alijaribu kuvu zaidi ya 6,000, moja baada ya moja, akitafuta itakayozuia mwili usitengeneze mafuta kupita kiasi. Mwaka 1973 akaipata katika ukungu wa rangi ya kibuluu kama ule unaoota juu ya machungwa yaliyooza. Baadaye wengine wakakamua dawa ya jamii hiyo kutoka kuvu nyingine, iitwayo Aspergillus terreus, nayo ikaruhusiwa Marekani mwaka 1987. Na simvastatini hutengenezwa kwa kuigeuza hiyo kidogo. Endo alifariki mwaka 2024, baada ya kuona kazi yake inamezwa kila usiku na mamilioni ya watu, akiwamo mwanamke mmoja wa Mtongwe ambaye hajapata kulisikia jina lake.

Dada yangu akakiweka kidonge kiganjani, akakitazama muda mrefu.

"Na hiki wanipa bure," akasema.

"Naam. Na hiki kimeandikwa mna nini na kiasi gani."

Hakusema neno jingine. Alipoletewa maji akapiga bismillahi, akameza. Makopo mawili yaliyosalia alinikabidhi nimrudishie kijana yule, nami namtafuta mpaka leo. Simu yake haipatikani.

Kidole chake, al-hamdulillahi, hakikukatwa. Kilipona baada ya wiki tisa, na kovu lipo. Kila nikiliona hukumbuka kwamba lilibaki kidogo tu. Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na ponyo lake, hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu chuoni. Lakini hatukufundishwa kwamba ponyo litatujia mlangoni ndani ya mkoba. Kulitafuta ni kazi, kulikamua ni kazi, na kulipima ni kazi. Nami, kwa desturi yangu, nawaachia ubeti mmoja:

Dawa si jina la kitu, dawa ni kilicho ndani,
Usimezwe na la mtu, liandikwalo koponi,
Uliza, mwana wa watu, kimekamuliwa nini?
Nazi haijawa tui, hadi itiwe kifumbu.